Ukuta unatoa chumvi, boriti inamwaga unga: kazi ni ya mpangaji au ya mwenye nyumba?

"Assalam aleikum fundi. Napanga orofa ya chini ya nyumba ya mawe hapa Langoni, Lamu, na huu ni mwaka wa pili. Ukuta wa chumba tunacholala, na ule unaopakana na choo, umelowa mpaka usawa wa kiuno. Nimepaka rangi mara mbili kwa pesa zangu. Haimalizi miezi mitatu inavimba na kubambuka, na chini yake pana unga mweupe. Mwenye nyumba asema ni makosa yangu, kwa kuwa naanika nguo ndani na madirisha siyafungui, na kwamba nikihama atakata dipositi yangu. Fundi mmoja aniambia tubandue plasta yote, tupige saruji na rangi ya mafuta, yaishe. Tena tangu mwezi uliopita boriti moja juu ya kitanda cha watoto inamwaga unga. Kazi hii ni ya nani, na nifanye nini kabla ya masika?"

Wa aleikum salaam, dada yangu. Kabla hatujafika kwenye nani alipe nini, fanya mambo mawili leo hii. Sogeza kitanda cha watoto kisikae chini ya boriti ile. Na kama ukuta uliolowa una soketi au swichi, usichomeke kitu hapo, uzime njia yake kwenye swichi kuu, na mwenye nyumba aarifiwe aite fundi wa umeme mwenye leseni. Ukuta uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi zaidi kuliko uliolowa maji matamu, na mkono wa mtoto haujui kuuliza.

Sasa tuje kwenye wasiwasi wako. Naona mambo matatu yamechanganyika: maji yanayoingia ukutani, mti unaoliwa juu, na lawama. Lawama itajipanga yenyewe tukishajua maji yanatoka wapi, basi tuanze na maji.

Nyumba zetu za mawe zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zenye unene wa karibu nusu mita. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi mno, na chokaa iliyoyashika mawe nayo ina vitundu vyake. Umewahi kutazama utambi wa kandili: ncha moja imo katika mafuta, na mafuta hupanda yenyewe mpaka juu bila kusukumwa. Ukuta wako ndio utambi, na ardhi iliyo chini yake ndiyo mafuta. Maji hupanda kutoka ardhini, yakafika usawa fulani, kisha yakatoka kwenye uso wa ukuta na kwenda na hewa. Pale kiunoni unapoona mstari wa doa ndipo kasi ya kupanda na kasi ya kukauka zinapokutana.

Lakini maji hayo hayapandi peke yake. Hubeba chumvi iliyoyeyuka. Watu wengi hudhani chumvi ya ukutani inaletwa na upepo wa bahari tu. Upepo una sehemu yake, ila jiwe lenyewe limetoka baharini, maji ya ardhini katika sehemu nyingi za mji ni ya chumvi, mchanga uliojengewa huenda haukuoshwa, na kama shimo la choo lipo karibu nalo linaongeza chumvi za aina yake. Maji yakifika usoni hukauka na kwenda. Chumvi haiwezi kwenda na hewa, hivyo hubaki na kugeuka punje. Punje hizo hukua ndani ya vitundu, na zikikosa nafasi huisukuma plasta kutoka ndani. Ndiyo sababu rangi yako inavimba kabla ya kubambuka. Kwangua kidogo kwa ukucha, uuguse kwa ulimi: ni chumvi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na fundi aliyekushauri saruji, na natofautiana naye kabisa. Saruji ni ngumu, kweli, na siku ya kwanza ukuta utapendeza. Lakini saruji na rangi ya mafuta huziba vile vitundu ambavyo maji yalikuwa yakitokea. Maji hayatarudi ardhini kwa kuwa umeyafungia mlango. Yatapanda zaidi yatafute mahali penye upenyo. Nimeingia nyumba ambazo unyevu ulikuwa magotini, ukapigwa saruji mita moja kutoka sakafuni, na baada ya masika mbili plasta ya chokaa iliyo juu ya ile saruji ndiyo ikawa inamwagika, kwenye zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa ukutani, usawa wa kichwa. Halafu saruji yenyewe ikajitenga na mawe. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia kama mtungi mtupu, na siku ikianguka huondoka na uso wa jiwe.

Chokaa huenda kinyume na hivyo. Matumbawe yakichomwa kwenye tanuu hutoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa kali, na ikitiwa maji huchemka yenyewe. Ikishapakwa ukutani huivuta tena ile hewa polepole na kurudi kuwa jiwe, lakini jiwe lenye vitundu. Kwa hiyo plasta ya chokaa huacha ukuta upumue, na chumvi inapokuja huiharibu plasta, si jiwe. Wazee waliojenga mji huu walijua plasta ni nguo ya ukuta: huchakaa, huvuliwa, huvishwa nyingine. Sitakudanganya kwamba ukipiga chokaa unyevu utakwisha. Hautakwisha. Utapungua, utakauka upesi zaidi, na plasta ile itahitaji kufanywa upya baada ya miaka kadhaa. Anayekuahidi dawa ya kumaliza unyevu moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe uliokaa juu ya ardhi ya kisiwa hiki, muulize ameifanya nyumba ipi, kisha uende ukaione.

Na je, nguo ulizoanika? Mwenye nyumba hajakosea kila kitu. Nguo mbichi ndani ya chumba kilichofungwa hutia unyevu hewani, na unyevu huo huleta kuvu nyuma ya kabati na harufu ya uvundo kwenye magodoro. Hayo ni yako, na uyarekebishe: anika juu ya paa au uani, fungua madirisha asubuhi upepo upite, na kabati lisiguse ukuta, liache upana wa kiganja. Lakini unyevu wa hewani hauchori mstari kiunoni, wala hauleti unga wa chumvi kwa wingi huo. Isitoshe, chumvi iliyokwisha kukaa ukutani huvuta maji kutoka hewani yenyewe. Ndiyo maana siku za masika ukuta hulowa hata pale mvua haijaufikia, kama vile chumvi ya jikoni inavyolowa ndani ya kopo.

Usitosheke na maneno yangu, jaribu mwenyewe. Tafuta sehemu ya ukuta ambayo plasta bado ni nzima, juu kidogo ya magoti. Futa vumbi, bandika kipande cha nailoni safi chenye ukubwa wa daftari, uzibe kingo zote nne kwa selotepu pana. Kiache siku mbili. Matone yakionekana upande wa chumbani, juu ya nailoni, unyevu unatoka kwenye hewa yenu. Yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Piga picha kabla hujaibandua. Kisha chukua penseli, chora mstari pale unyevu unapoishia, andika tarehe kando yake, na urudie kila Ijumaa. Mstari ukipanda bila mvua, kuna maji yanayovuja. Ukipanda mvua inaponyesha na kushuka kiangazi, ni ardhi au ni uchochoro.

Ukuta wa upande wa choo unanitia shaka zaidi, na hapo usikimbilie kusema ni ardhi. Usiku funga bomba zote, soma mita ya maji, uisome tena alfajiri kabla mtu hajatumia. Kama mnatumia tangi, weka alama ya kiwango badala ya kusoma mita. Namba ikisogea au kiwango kikishuka, bomba linavuja, na mara nyingi ni lile lililofukiwa ndani ya plasta. Kama hakuna kilichosogea, tazama sakafu ya choo: maji ya kuoga yanaelekea kwenye tundu, au yanasimama kwenye kona ya ukuta? Ukisikia harufu ya choo chumbani, usingoje jaribio lolote. Hilo ni shimo au bomba la maji taka, na ni jambo la afya ya watoto.

Halafu toka nje, zunguka mpaka nyuma ya ukuta huo. Mitaro ya uchochoroni inapita sambamba na kuta zetu, na mtaro ulioziba kwa mifuko na maganda ya nazi huyalaza maji machafu ubavuni mwa nyumba mchana kutwa. Nimeona watu wakibandua plasta mara tatu ndani kumbe tatizo lilitaka ufagio na koleo nje. Tazama juu pia: mlizamu, ule mfereji unaotoa maji ya mvua paani, unamwaga maji yake uchochoroni, au umevunjika na maji yanateleza ukutani?

Basi, kazi ya nani? Kipimo changu ni hiki: linalotokana na matumizi ya kila siku ni la mpangaji, lililo kwenye mifupa ya nyumba ni la mwenyewe. Sheria haiko mbali na hapo. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inamwekea mwenye nyumba wajibu hata kama mkataba haukuutaja: nyumba ya kukaa iwe inafaa kukaliwa unapoingia na iendelee kufaa muda wote wa upangaji. Na akiwa amekukodisha sehemu tu ya jengo, kama wewe uliye chini, basi paa, kuta za nje na kuta kuu, na mifereji mikuu ya maji ni juu yake. Kifungu cha 66 nacho kinakuwekea wewe wako: kulipa kodi, kuitunza nyumba katika hali nzuri ya kadiri, na kuirudisha kama ulivyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida na uharibifu usiotokana na uzembe wako. Usivunjwe moyo kwa kuwa mlipatana kwa mdomo. Upangaji wa muda mfupi, usiozidi miaka miwili, unaweza kufungwa hata kwa mdomo.

Kwa hiyo maji yanayopanda kutoka ardhini, bomba lililo ndani ya ukuta, shimo la choo, mlizamu na boriti ni vya mwenye nyumba. Balbu, mpira wa bomba linalodondoka, tundu la kuogea lililoziba nywele, mtaro mbele ya mlango wako, na kupitisha hewa ni vyako. Kuna wajibu mmoja wa mpangaji ambao watu husahau, nao ndio unaoamua kesi nyingi: kutoa habari mapema. Ukinyamaza miezi sita huku bomba linavuja, mwenye nyumba atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini hakuambiwa. Rangi uliyopaka mara mbili bila kumwambia haikukusaidia hapo, kwa sababu ilificha dalili.

Boriti sasa. Unga una maana zake. Chukua karatasi nyeupe uitandaze chini ya boriti usiku mmoja. Ukikuta unga laini kama wa mahindi na matundu madogo ya duara kwenye mti, imebunguliwa na wadudu wanaokaa ndani ya mti. Ukiona njia nyembamba za udongo zinapanda ukutani kuelekea kwenye boriti, ni mchwa, na mchwa hupenda unyevu, kwa hiyo huenda ukuta na boriti ni ugonjwa mmoja. Ikiwa ni punje za mchanga na chokaa, huenda ni dari inayochoka na si mti. Boriti za mikoko huvumilia miaka mingi sana zikiwa kavu. Zinapoanza kuoza, huoza kwenye ncha, pale zilipoingia ukutani, mahali macho hayafiki. Gonga boriti kwa mpini wa kisu karibu na ukuta, kisha katikati. Mti mzima hulia mkavu na mkali, mti ulioliwa hulia mzito kama umegonga kibuyu kilichojaa.

Hapo ndipo kazi yako inapokoma. Usipake mafuta ya taa, usichome sindano ya dawa, usimruhusu mtu aingize msumari au mwegamo wa kubahatisha. Juu ya boriti zile pana mawe na chokaa, na uzito wake ni mkubwa. Ukiona boriti imepinda kuliko wenzake, ufa mpya kwenye dari juu yake, au plasta imeachana na ncha yake, hameni chumba hicho siku hiyo hiyo, na walio juu waambiwe wasiweke mapipa ya maji hapo. Fundi wa nyumba za mawe aje aitazame kwa macho yake. Picha ya simu haitoshi, hata mimi sitaitolea hukumu kutoka huku.

Na jambo hili lina mlango mwingine. Mji wa Kale wa Lamu ni eneo lililohifadhiwa na uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Kubandua plasta ya zamani, kubadilisha boriti au kufungua ukuta si jambo la kupatana baina yako na fundi tu. Mwenye nyumba anapaswa kupata ruhusa, na ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo Lamu ndipo pa kuanzia. Kama nyumba yenu ina zidaka au plasta ya kuchongwa, mtu asiiguse hata kwa brashi ya waya.

Mengine unayoweza kufanya kwa mkono wako kabla ya masika ni haya. Chumvi ipige brashi ikiwa kavu, uikusanye kwenye gazeti ukaitupe mbali na ukuta. Usiifute kwa kitambaa cha maji, maana utaiyeyusha irudi ndani. Rangi iliyovimba ikwangue, uiache wazi. Ukitaka weupe, paka chokaa ya maji, si rangi ya mafuta. Itabambuka tena, lakini ni ya bei nafuu na haifungi ukuta. Safisha mtaro, na chungulia mlizamu.

Kuhusu pesa, una njia tatu. Ya kwanza, mwenye nyumba arekebishe mwenyewe. Ya pili, mpatane kwa maandishi kwamba wewe ulipe fundi na ukate kwenye kodi, mkitaja kiasi, kazi na miezi. Usikate kodi kwa uamuzi wako peke yako, hata ukiwa na haki, kwani utageuka wewe ndiye mdaiwa. Ya tatu ni kuhama, na kama ni boriti iliyooza na mwenyewe hataki kusikia, hiyo si njia ya mtu dhaifu. Jua pia kwamba nyumba nyingi hapa ni za urithi. Anayepokea kodi huenda ni ndugu mmoja kati ya sita, na kimya chake wakati mwingine ni kwamba hana idhini ya wenziwe. Muulize kwa upole nani anaamua matengenezo.

Mwandikie, hata kwa simu, ili maneno yakae. Mfano: "Assalam aleikum Mzee. Nakuarifu kuwa ukuta wa chumba cha kulala na wa choo umelowa mpaka kiunoni, na boriti moja inamwaga unga tangu mwezi uliopita. Nimetuma picha zenye tarehe. Nimejaribu kwa nailoni, na maji yanatoka ndani ya ukuta. Naomba uje na fundi wa nyumba za mawe aitazame boriti wiki hii, na tupatane juu ya ukuta kabla ya masika. Mimi nitasafisha mtaro na kupitisha hewa." Usitaje dipositi katika ujumbe huo wa kwanza. Asipojibu, mpelekee mzee wa mtaa au chifu awakutanishe, mengi huishia hapo. Ukihama na dipositi ikazuiwa kwa sababu ya chumvi ya ardhini, madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni 1 yana Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya 2016. Nenda mahakama ya Lamu ukaulize utaratibu, na picha zako za penseli na nailoni zitakuwa ushahidi wako.

Mwenye nyumba akikubali kazi ya chokaa, isifanywe mvua ikinyesha. Majira yake ni ya kaskazi, na hata hapo isikaushwe na jua: hupigwa kwa tabaka nyembamba, hufunikwa kwa magunia mabichi, hunyunyiziwa maji siku kadhaa. Fundi akija, muulize mambo mawili tu. Chokaa yake imelowekwa muda gani? Fundi anayejua ataanza kukueleza kwa raha. Na mchanga atautoa wapi, na ataukoroga kwa maji gani? Mchanga wa ufuoni una chumvi, maji ya kisima cha chumvi ndiyo hayo hayo, na vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu, si pa kuchota. Akisema atachota pale karibu na gati, mshukuru, mlipie kahawa yake, umtafute mwingine.